Nani Ajuaye Yaliyo Ndani ya Jiwe?

Somo: 1 Samweli 16:1-13

Twawasalimu ninyi mlioamka mapema na sasa mnakoleza moto wa chai. Ninyi wavuvi mliovuta ngalawa zenu pwani. Ninyi mnaokwenda matimboni na tindo mabegani. Na ninyi wagonjwa ambao usiku ulikuwa mrefu kwenu. Karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache na kulitafakari Neno la Mungu.

Leo twataka kuzungumza juu ya mawe. Yamkini mtu atauliza, “Je, hapana habari njema zaidi ya mawe?” Lakini sisi watu wa pwani hii, toka Mtwapa hata Kilifi, toka Watamu hata Malindi, tumezaliwa juu ya mawe na twaishi ndani ya mawe. Wale waliojenga mji wa kale wa Gede walichukua mawe yayo hayo yaliyo chini ya miguu yetu, wakayachonga, wakajenga misikiti, majumba na visima. Hata leo, mtu akitaka kujenga nyumba ya kudumu, fundi humwambia alete mawe ya timbo. Na akina mama wengi wamelipa karo za watoto wao kwa kukaa chini ya kivuli cha makuti na kugonga kokoto, nyundo mkononi, debe kwa debe. Basi habari ya mawe si ngeni kwetu.

Wataalamu wasema kwamba mawe haya yetu yalikuwa matumbawe hai. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa imepanda juu kuliko ilivyo sasa, na pale tunapolima muhogo palikuwa na samaki wakiogelea. Bahari iliposhuka, matumbawe yalibaki nchi kavu, yakawa mwamba. Ndiyo maana ukivunja jiwe la timbo waweza kukuta umbo la kombe au la chaza ndani yake, mbali kabisa na maji. Hesabu hizo za miaka zisitutishe. Musa katika Zaburi ya 90 alikwisha kukiri kwamba miaka tuionayo sisi kuwa mingi, mbele za Mungu ni kitu kidogo sana.

Sasa, kuna jambo moja katika mawe ambalo huwafurahisha watoto, nasi wazee pia ingawa hatupendi kulikiri. Ni kulivunja jiwe lenye uwazi ndani. Katika nchi nyingi kuna mawe ya duara ambayo kwa nje hayana uzuri wowote. Ni ya kijivu, yana vipele, yafanana na kiazi kilichochimbuliwa sasa hivi. Lakini ukilipasua moja waona kwamba ndani mna chumba kidogo, na kuta zake zote zimejaa fuwele, yaani vipande vinavyometa kama kioo, vyenye ncha zilizochongoka vizuri kana kwamba sonara amekaa humo na kufanya kazi. Wataalamu huliita jiwe la namna hiyo jiodi.

Chumba kile hufanyikaje? Kwanza jiwe huwa na shimo ndani, labda kwa sababu kitu kilichokuwamo kimeyeyuka na kuondoka. Kisha maji hupenya polepole katika mwamba. Maji hayo yamechukua chokaa, au yamechukua kitu kile kile kilichomo katika mchanga wa kutengenezea vioo. Yakifika ndani ya shimo huacha chembe kidogo sana ukutani. Kesho chembe nyingine, na kesho kutwa nyingine. Maelfu ya miaka hupita, na mara nyingi ni zaidi ya maelfu. Fuwele hukua gizani, zikielekeza ncha zao katikati, pasipo jicho la mtu kuziona. Huko Marekani watu wa jimbo la Iowa waliyapenda mawe haya hata mwaka wa 1967 wakaifanya jiodi kuwa jiwe rasmi la jimbo lao. Na huko Pulpí, katika nchi ya Hispania, ndani ya mgodi wa zamani, iko jiodi moja ambayo urefu wake ni kama mita 8. Mtu mzima aweza kuingia ndani yake, na fuwele zake nyingine ni ndefu kuliko mtoto wa shule.

Sisi huku hatuna jiodi kubwa ya namna hiyo. Lakini katika mawe yetu ya timbo, mara nyingine, mnapatikana uwazi mdogo uliozungukwa na fuwele za chokaa, nyeupe au za rangi ya asali. Likizo ya shule ikifika, hii ni kazi nzuri ya kufanya nyumbani na watoto, nayo haihitaji fedha. Okoteni vipande vilivyotupwa na wachongaji. Pimeni kwa mkono: jiwe lililo jepesi kuliko ukubwa wake huenda lina shimo ndani. Litikiseni karibu na sikio, huenda likalia. Kisha litieni ndani ya soksi kuukuu au mlifunge kwa kitambaa kizito, maana vipande huruka, na jicho halina la kulilipia. Anayegonga avae miwani, na watoto wadogo wakae mbali. Liwekeni juu ya jiwe kubwa, mligonge taratibu kulizunguka, msilipige dharuba moja tu katikati. Anayepiga kwa hasira hupata unga. Anayepiga kwa subira hupata nusu mbili.

Halafu kuna kile kitambo kifupi kabla ya kufungua kitambaa. Watoto wote wameinama, vichwa vimegongana. Mmoja asema, “Hili limejaa.” Mwingine asema, “Hili ni tupu.” Wote wanabahatisha, maana hapana ajuaye. Kitambaa chafunguliwa, na mara nyingi, tuseme kweli, ndani mna jiwe tu kama nje. Kicheko, na kuchukua jingine. Lakini mara moja moja kitambaa chafunguliwa na jua laingia mahali ambapo halijapata kuingia tangu jiwe lilipofanyika, na fuwele zamulika, na watoto hunyamaza. Tukidondoshea fuwele zile siki au maji ya ndimu, huchemka na kutoa povu dogo, ndipo twajua ni chokaa. Zikiwa hazichemki, na zaweza kukwaruza chupa, ni zile ngumu za jamii ya mchanga wa vioo. Hivyo watoto hujifunza kuchungua kabla ya kusema.

Lakini si kila jiwe ni la kuvunjwa, na hilo nalo twapaswa kuwafundisha. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu mwaka wa 1968, haturuhusiwi kuchukua tumbawe wala kombe. Na tukiona katika jiwe umbo la kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe, tuliache zima, tuwajulishe watu wa Makumbusho ya Taifa, maana vitu hivyo ni urithi wa nchi. Jiwe lililovunjwa halirudi kuwa zima. Tafadhalini lishikeni neno hilo, tutalihitaji mbele.

Sisi Wakristo wa pwani tunayo sababu nyingine ya kuyapenda mawe haya. Mmishenari Johann Ludwig Krapf wa CMS, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga katika mwaka uo huo, alikuwa mtu wa kutazama kila kitu. Sote twamjua kwa kazi yake ya lugha yetu ya Kiswahili. Wengi hawajui kwamba aliokota mawe pia. Katika bara ya Mombasa, upande wa Changamwe na Miritini, njia ya kwenda Rabai, kuna udongo mgumu wa matabaka, na ndani yake mna mawe ya duara yaliyofungika. Ukiyapasua, mengine yana mistari ya fuwele za chokaa, kama nyufa za matope yaliyokauka. Mengine yana amonaiti, kiumbe wa baharini wa zama zile, jamaa wa pweza na ngisi, ambaye gamba lake limejiviringisha kama pembe ya kondoo dume. Umri wake ni yapata miaka milioni 150. Krapf alipeleka Ulaya viumbe hao waliogeuka mawe, na mwaka wa 1859 mtaalamu wa mawe huko Ujerumani, Oscar Fraas, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mchungaji, aliandika habari zao. Watu walikuwa wamepita juu ya mawe yale tangu zamani. Nani aliyejua yaliyo ndani?

Basi, wapendwa, tufungue sasa somo letu. Nabii Samweli ametumwa Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, kumtia mafuta mfalme mpya. Aletwa Eliabu, mwana wa kwanza, kijana mrefu, mwenye sura ya kifalme. Samweli amtazama na moyoni asema, huyu ndiye. Lakini Bwana amkataza. Amwambia asiangalie uso wala kimo, kwa sababu binadamu huishia katika yanayoonekana, lakini yeye Bwana hutazama moyoni. Wana saba wakapita mmoja mmoja, na wote wakaachwa. Hata Samweli alipouliza kama wamekwisha, ndipo Yese akamkumbuka mdogo wao aliyekuwa machungani. Baba mzazi mwenyewe hakuona haja ya kumwita.

Tazameni vizuri ni nani aliyekosea hapa. Si mpumbavu. Si mpagani. Ni Samweli, nabii aliyeisikia sauti ya Mungu tangu utoto wake. Ikiwa nabii kama huyo aliutazama uso wa mtu na akadhani ameuona moyo, sisi ni nani hata tujisifu kwamba twajua yaliyo ndani ya mtu?

Hii ndiyo tofauti kati yetu na Mungu, na jiwe latuonyesha waziwazi. Sisi, ili kuona ndani ya jiwe, hatuna budi kuwa na nyundo. Mungu hahitaji nyundo. Yeye alizijua fuwele zile zikiwa bado gizani, akalijua jiwe tupu kuwa ni tupu. Aujua moyo wa mtu hali mtu yu mzima. Kuona ndani pasipo kuvunja ni kazi yake peke yake, wala hakumwazima mtu yeyote.

Twasema hivi kwa sababu kuna neno zito linalokaa katika nchi yetu ya Kilifi, na yafaa kanisa lisiwe bubu. Tusizungumze kwa mafumbo. Mwaka baada ya mwaka, toka Ganze, toka Magarini, toka Kaloleni na sehemu nyingine, zimesikika habari za wazee wetu waliosingiziwa uchawi, wakafukuzwa makwao, wakachomewa nyumba, na wengine wakauawa usiku kwa panga. Ushahidi ulikuwa nini? Mvi kichwani. Macho mekundu, ya bibi aliyepika kwa kuni katika jiko lenye moshi miaka 50. Mtoto wa jirani ameugua, au kijana amekufa ajalini, na watu wakaenda kupiga mburuga. Ndipo jina la mzee likatajwa, na baada ya jina, panga.

Je, mwaona jambo hili lilivyo? Watu wametazama ganda la jiwe wakasema, “Twajua yaliyo ndani.” Hawakutikisa, hawakupima, hawakungoja. Hata mtoto anayecheza na mawe barazani hukubali kwamba hajui mpaka kitambaa kifunguliwe. Lakini mtu mzima, aliyesoma, pengine aliyebatizwa, amtazama hawe yake aliyemlea mgongoni na kusema, “Huyu ni mchawi, mwangalie nywele zake.”

Tena liko jambo la kuhuzunisha zaidi. Jiwe, ukilivunja, angalau utayaona yaliyomo. Mtu, hata ukimvunja, hutayaona. Panga halijapata kumwonyesha mtu uchawi wowote. Limeonyesha damu tu, nyekundu kama ya mama yetu sote. Na jiwe lililovunjwa halirudi kuwa zima.

Na tuseme mpaka mwisho. Mara nyingi, chini ya neno uchawi, mna neno jingine: shamba. Mzee ameikalia ardhi ya ukoo na hataki kuiuza, na vijana wana haraka. Pikipiki yatamaniwa, mnunuzi amekuja na fedha, na tsawe asema hapana. Hapo ndipo mvi zake huanza kuonekana mbaya, zile zile ambazo juzi zilikuwa heshima ya nyumba. Basi tatizo haliko ndani ya mzee. Liko ndani ya yule anayemtazama. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na kabla ya Nabothi kupigwa kwa mawe ilitafutwa kwanza sababu ya dini, mashahidi wa uongo wakasema amemtukana Mungu. Someni wenyewe katika 1 Wafalme, sura ya 21. Damu yake iliulizwa na Mungu, na shamba halikumletea Ahabu raha.

Labda mtu atasema, “Mchungaji, ninyi hamyajui ya kijijini. Wako watu wabaya kweli.” Ndiyo, wako. Biblia haisemi kwamba kila moyo ni safi. Yeremia sura ya 17 yatuambia kwamba moyo wa mtu ni wa hila kuliko vitu vyote, tena papo hapo yasema kwamba anayeupima ni Bwana. Hatukuahidiwa kwamba kila jiwe lina fuwele. Twasema tu kwamba hatuna macho ya kuona ndani, na asiye na macho hayo asishike panga. Hata sheria ya nchi yetu juu ya uchawi, iliyotungwa mwaka wa 1925, ililihesabu kuwa ni kosa mtu kumtangaza mwenzake kuwa mchawi; mwenye malalamiko alitakiwa ayapeleke kwa wenye mamlaka. Ikiwa serikali yaona hivyo, kanisa litaona nini?

Neno la Mungu latufundisha kwamba mvi si alama ya shaka. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, watu wa Mungu wameagizwa wasimame mbele ya mwenye mvi, na agizo hilo limefungwa pamoja na kumcha Mungu. Katika Mithali, sura ya 16, mvi zaitwa taji. Taji! Mungu amemvika mzee taji, naye kijana wake anaitazama taji hiyo kana kwamba ni hati ya kifo.

Nasi tunao mfano wa karibu. Mwaka wa 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianza kazi huko Rabai, ambako leo ni ndani ya kaunti yetu ya Kilifi. Miaka ilipita, na matunda yalikuwa machache sana. Rebmann alikaa mpaka mwaka wa 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Kama tungalikuwapo, tungalimtafuta Mkristo wa kwanza kati ya nani? Labda kati ya wazee wa kaya wenye sauti barazani, au vijana wenye nguvu. Lakini wa kwanza kulipokea Neno alikuwa kiwete mmoja, jina lake Mringe, akabatizwa karibu na kufa kwake. Waliomwona walimwona mtu aliyelemaa, asiyefaa kwa vita wala kwa jembe. Mungu alikuwa akifanya kazi ndani yake, punje kwa punje, gizani. Sisi sote tunaohesabu miaka ya kanisa letu kwenye pwani hii, twamhesabu yeye kwanza.

Na Bwana wetu Yesu je? Siku moja waliletwa mbele yake watu wenye mawe mikononi na mwanamke mmoja mwenye hofu. Habari hii imo katika Yohana, sura ya 8. Wao walikuwa na ushahidi. Huyu alikuwa ameshikwa hasa. Wala Yesu hakusema kwamba dhambi si dhambi. Lakini alimwambia asiye na dhambi atupe jiwe la kwanza, kisha akainama. Wakaondoka mmoja mmoja, wakitanguliwa na wazee. Mawe yalibaki chini. Yule mmoja aliyekuwa na haki ya kutupa jiwe, na aliyeuona moyo wa kila mtu pale, ndiye ambaye hakutupa. Alimwachilia mwanamke aende zake na kumwambia asitende dhambi tena.

Basi, wapendwa, ikiwa twataka kutumia nyundo, Mungu ametupa nyundo moja. Yeremia, sura ya 23, alilifananisha Neno la Bwana na nyundo ipasuayo mwamba. Lakini mwamba wa kwanza kupasuliwa ni moyo wetu sisi wenyewe. Ezekieli, sura ya 36, aliahidiwa kwamba Mungu atauondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama. Huo ndio upasuaji tunaoruhusiwa kuutaka. Tumwambie Mungu, “Anza na sisi.” Naye hupiga taratibu, tena huzunguka, wala hatuachi kuwa unga.

Na imani bila matendo imekufa. Kwa hiyo tuyachukue mambo haya manne nyumbani.

La kwanza, mtoto akiugua, apelekwe zahanati au hospitali, na kanisa limwombee. Homa ya malaria ina dawa. Wala haijapata kuponywa kwa kumtaja bibi wa jirani.

La pili, maneno ya kumnong'ona mzee yakianza kijijini, yasiachwe yakue. Kila mara panga hutanguliwa na mnong'ono, na mnong'ono hutanguliwa na sisi kunyamaza. Mwenye kusikia amwendee mzee wa kanisa, mchungaji, mzee wa mtaa, chifu, polisi. Asingoje kesho.

La tatu, habari za mashamba zisemwe mchana, mbele ya ukoo wote, na ziandikwe. Mzee aseme mapenzi yake angali hai, na vijana waambiwe wazi sehemu yao. Mambo mengi yanayoitwa uchawi yangaliisha kwa kikao kimoja cha haki chini ya mwembe.

La nne, wazee watembelewe. Huko Kaya Godoma, katika Ganze, pametengenezwa mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa sababu ya masingizio haya. Ni jambo jema kwamba mahali hapo papo, nasi twawashukuru walioanzisha. Lakini ni aibu kwetu kwamba panahitajiwa. Umoja wa Akina Mama, chama cha vijana, kila kundi la kanisa lijiulize: katika mtaa wetu ni mzee gani hajaingiliwa na mgeni mwezi huu? Mchukulieni unga, sukari na kuni. Mtengenezeeni paa kabla ya masika. Kisha, jambo kubwa zaidi, kaeni chini msikilize. Mulizeni alizaliwa wapi, njaa gani aliiona, nani alimfundisha kusali. Polepole, bila nyundo, mtayaona yaliyo ndani. Mtu hufunguka kwa kupendwa. Hiyo ndiyo njia aliyotuachia Mungu sisi tusio na macho yake.

Na jioni mtakapokaa na watoto mkivunja mawe, mfurahi nao. Furaha ile ni njema, Mungu ndiye aliyeficha vitu vizuri mahali pa giza ili watoto wavipate. Lakini kabla ya kufungua kitambaa, waulizeni, “Nani ajuaye yaliyo ndani?” Watajibu, “Hatujui.” Waambieni hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu pia, na kwamba yuko Mmoja ajuaye. Mtoto aliyejifunza jambo hilo akiwa na miaka 8 hatashika panga akiwa na miaka 20.

Na tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeiweka misingi ya nchi na bahari, wewe waijua mioyo yetu wala hatuwezi kukuficha neno. Utusamehe kwa kuwa tumewatazama wenzetu kwa nje na kuwahukumu kama tunaoona ndani. Uwalinde wazee wetu usiku huu katika nyumba zao, wanaolala kwa hofu kwa sababu ya mvi ulizowapa wewe. Uwageuze wale wanaopanga mabaya; uipasue mioyo ya mawe, uwape mioyo ya nyama. Utie haki katika koo zetu na amani katika mashamba yetu. Utufundishe kuzuia mkono, kuzuia ulimi, na kungoja hukumu yako wewe peke yako, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana na ikae nanyi nyote, wapendwa, leo na siku zote.